Transfa ya Babu na Meli ya Athene

Tangu Pasaka, kundi la WhatsApp la ukoo wetu linajadili jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la fundi peke yake. Babu alituachia Land Rover, 109 ya Series III, ambayo bado iko nyumbani Ngujini, juu kwenye milima ya Upare. Injini yake imekufa. Tumekubaliana tuweke ya Toyota. Kilichobaki ni transfa: tuweke ipi? Kwa kuwa nasoma uzamili wa falsafa, watu wawili wameniuliza, mmoja kwa utani na mwingine kwa dhati, kama masomo yangu yana jibu.

Kwa asiyejua, transfa ni sanduku la gia linalokaa nyuma ya giaboksi. Hupokea nguvu ya injini na kuigawa kati ya propela ya nyuma na ya mbele. Pia ina gia mbili za kwake, ya kawaida na ya chini. Katika Series III, gia ya chini hupunguza mzunguko mara 2.35. Zidisha hiyo kwa gia namba moja ya giaboksi na kwa difu, ambayo hupunguza mara 4.7, utakuta injini inazunguka takriban mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hivyo ndivyo gari lililojaa ndizi na watu linavyopanda mlima bila haraka. Na wakati wa kuteremka injini yenyewe hulizuia, dereva asihitaji kukanyaga breki mpaka zianze kunuka.

Mapendekezo yako matatu. Baba mdogo anataka tuchukue kila kitu cha Hilux: injini ya 3L ya lita 2.8, giaboksi yake na transfa yake. Vyote vimezaliwa pamoja, anasema, na spea zake hazisumbui. Hoja hiyo ina nguvu. Tatizo ni kwamba transfa ya Hilux hutoa propela ya mbele upande wa kushoto, wakati difu ya mbele ya Land Rover yetu iko kulia. Basi ama tubadilishe na eksele, ama tubaki na gari linalovuta kwa magurudumu ya nyuma tu.

Binamu yangu aliyeko Arusha, anayefanya kazi na magari ya watalii, anapendekeza LT230, transfa ambayo Land Rover wenyewe waliileta miaka ya 1980. Hiyo huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na gia yake ya chini hupunguza mara 3.32. Ni kifaa kizuri. Ila eksele ya mbele ya Series III hutumia krosi joint za kawaida, ambazo hazikukusudiwa kuvuta muda wote huku gari likikata kona. Ukiifunga hiyo, safari ya kubadilisha vitu imeanza upya.

Shangazi anataka transfa ya zamani ibaki, fundi achonge bamba la kuunganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover. Shangazi hana leseni. Wengi kwenye kundi walichukulia kwamba anamlilia baba yake, na mmoja akaandika kwa upole, "Shangazi, hata ukibakiza kile chuma, gari la babu halirudi."

Hapo ndipo falsafa inapoingia, kwa sababu sentensi hiyo ina umri mkubwa. Plutarch aliandika kuhusu meli ya Theseus, ambayo watu wa Athene waliitunza kwa vizazi vingi. Kila ubao ulipooza waliuondoa na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakasema ni meli ileile, wale wakasema siyo. Karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza utata: je, kama mtu angeziokota mbao zote za zamani na kuziunga upya, meli ya Theseus ingekuwa ipi? Kwetu swali hilo si la kufikirika tu. Vyuma tutakavyovitoa kuna mtu atavinunua, na huenda akaunda navyo gari.

Nimefundishwa hoja hizo darasani, na sikuona mahali zilipouliza meli ile ilikuwa ikifanya nini. Yanasemwa kana kwamba iliegeshwa bandarini ili itazamwe. Lakini Plato, katika Phaedo, anatueleza kazi yake. Waathene walikuwa wameweka nadhiri kwa Apollo kwamba vijana waliokwenda Krete na Theseus wakiokoka, watapeleka ujumbe Delos kila mwaka. Meli ilipokuwa safarini, mji haukuruhusiwa kumuua mtu yeyote kwa hukumu. Mwaka 399 KK Socrates alihukumiwa kufa siku moja tu baada ya meli hiyo kupambwa kwa safari. Alikaa gerezani akiisubiri irudi, na kwa muda wote huo aliendelea kuishi na kuzungumza na rafiki zake.

Kwa Socrates, kama meli ile ilikuwa ileile halikuwa fumbo la mbao. Ilikuwa ileile kwa sababu nadhiri ilikuwa ileile na iliendelea kutimizwa. Wenye mashaka walikuwa watu waliosimama ufukweni. Ambaye siku zake zilitegemea safari hiyo hakuhitaji kuhesabu ni mbao ngapi zilikuwa za zamani.

Wapare tunalo jambo linalofanana na hilo. Ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya kijito ili yafunguliwe mashambani kwa zamu, hufukuliwa na kuzibwa upya kwa msaragambo. Udongo wake hubadilika, mawe hubadilika, na ndiva nyingine siku hizi zimesakafiwa kwa saruji. Sijasikia mzee akiuliza kama bado ni ndiva ileile. Swali linaloweza kuleta ugomvi ni kama zamu zimefuatwa, na kama shamba la mwisho mferejini limepata maji.

Turudi kwa shangazi. Siku tatu baada ya kuambiwa kwamba gari la babu halirudi, alijibu kwa swali moja: "Na handibreki mtaiweka wapi?"

Kundi lilinyamaza. Katika Series III, handibreki haishiki magurudumu moja kwa moja. Ni dramu iliyofungwa nyuma ya transfa, na hushika propela ya nyuma. Handibreki ya Hilux iko kwenye magurudumu ya nyuma ya Hilux, ambayo sisi hatuyachukui. Ukiondoa transfa ya zamani ukaacha eksele ya zamani, umeondoa handibreki na hujaweka nyingine. Kwenye tambarare unaweza kuishi hivyo. Ngujini, gari husimama kwenye mteremko ili mama mjamzito apandishwe, au jeneza lishushwe, au magunia yapangwe, na utingo si kila mara yupo na jiwe lake.

Sisi tuliokuwa tunabishana juu ya uwiano wa gia ni madereva, au watu wa mjini wanaotuma michango. Shangazi ni abiria. Amepanda gari hilo kwa miaka mingi akiwa nyuma, likiwa limeshikwa na dramu hiyo pekee, na analijua kwa namna ambayo aliyekaa mbele halijui. Tulidhani anauliza la kumbukumbu, kumbe alikuwa anauliza la usalama. Au pengine kwake hayo mawili hayajawahi kutengana: kumkumbuka baba yake ni kuendelea kusimamisha gari mlimani bila mtu kuumia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Katika kubadilisha tulichorithi, mwenye neno zito kuliko wote awe yule atakayeumia kifaa kikishindwa kazi, hata kama hakuchangia shilingi. Kanuni hii haisemi cha zamani kibaki daima. Dramu ya nyuma ya transfa ina udhaifu wake: shafti moja ya nyuma ikikatika, difu huuachia upande huo uzunguke bure na handibreki haishiki tena. Siku fundi atakapopata njia ya kuweka handibreki kwenye magurudumu kwa gharama tunayoiweza, nadhiri yenyewe itatutaka tuibadilishe, na wala hatutakuwa tumemsaliti babu. Haisemi pia kwamba baba mdogo amekosea kuhusu spea. Gari lisilotengenezeka nalo huwaacha watu njiani. Inasema tu kwamba hesabu ya faida haiwezi kufungwa kabla ya kumsikiliza anayepanda nyuma.

Hilo ni gumu kulifuata kuliko linavyosomeka. Michango ina sauti. Aliyetuma laki tano hujiona ana haki ya kuchagua, na aliyeko kijijini hujifunza kushukuru kwanza na kuuliza baadaye. Mambo mengi tunayowapelekea wazee wetu kwa nia njema, kuanzia nyumba mpaka simu, yamechaguliwa na watu ambao hawatayatumia.

Nimepiga kura transfa ya babu ibaki, ifunguliwe, ibadilishwe bearingi na sili, na dramu ipate viatu vipya kabla injini haijawashwa. Nimependekeza pia kwamba kabla ya kumlipa fundi, shangazi apande nyuma, gari lisimamishwe kwenye mteremko likiwa na mzigo, na yeye ndiye aseme kama limeshika.