Tawi Lililovuka Ua

Somo: Warumi 12:9–21



Katika somo hili Mtume Paulo atuagiza kuishi kwa amani na kila mtu, lakini aweka mpaka: ikiwezekana, na kwa kadiri ya sehemu yetu sisi. Paulo ajua kwamba wako majirani wagumu. Hatudai tuwageuze tabia. Atudai sehemu yetu. Na tuipime sehemu hiyo kwa jambo dogo linalotusumbua mara nyingi hapa Kishapu, yaani tawi la mti wa jirani lililovuka ua.

Mwarobaini wa jirani waangusha majani juu ya bati letu, gata laziba, na maji ya mvua tunayoyakinga yachafuka. Au minyaa ya mpakani yainamia njia wapitayo watoto, na sote twajua kwamba utomvu wake ukiingia jichoni waweza kupofusha. Malalamiko haya ni ya haki. Tumesema mara moja, tukajibiwa kwa kiburi. Ndipo tunaposhawishika kungoja jirani aende mnadani, tukamate panga.

Tusifanye hivyo. Kwanza, kwa ajili ya mti wenyewe. Nchi yetu ya Shinyanga ilipoteza miti mingi, iliyofyekwa ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakarudia kutunza ngitili kama walivyofanya wazee wao. Tena katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, Waisraeli wanakatazwa kuharibu miti ya matunda ya mji wanaouzingira. Ikiwa mti wa adui ulilindwa vitani, si zaidi mti wa jirani?

Pili, kwa ajili ya watu. Ugomvi wa mpakani hauishii mpakani. Leo ni tawi. Kesho salamu zakatika. Keshokutwa mtoto augua, na mtu anong'ona jina la mama mzee wa nyumba ya pili. Katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kuwa tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Tuhuma za namna hiyo hupata nguvu mahali palipo na kinyongo cha siku nyingi. Anayekataa kulea kinyongo hajui ni uhai wa nani aliouokoa.

Basi sehemu yetu ni ipi? Bwana Yesu ametuonyesha utaratibu katika Mathayo 18:15–17. Kwanza, twende wenyewe, mchana, na baada ya salamu na habari za nyumbani tuombe, tusiamrishe. Tujitolee kazi: msumeno utakuwa wetu, tawi tutalikata kwanza kwa chini kidogo, kisha kwa juu, ili ganda la shina lisichanike, na kuni zote zitakuwa zake. Akikataa, turudi na mzee mmoja au wawili anaowaheshimu yeye, si wale wanaotupendelea sisi. Akikataa tena, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa sheria lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Kwenda huko si dhambi, maadamu hatukuanzia huko, na maadamu salamu yetu ya asubuhi haikukoma.

Huenda, baada ya yote, usuluhishi ukachelewa na tawi likabaki. Hapo tutapanda ngazi tusafishe gata kabla ya mvua, na tutamwombea jirani kwa jina lake. Amani ya Kristo haitudai tuseme kwamba hatukuudhiwa, yatudai tusilipize.

Katika Ibada ya Ushirika Mtakatifu twapeana mikono ya amani. Ni rahisi kumpa aliye kwenye benchi letu. Jumapili ijayo, kabla ya kunyoosha mkono, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani aliye ng'ambo ya ua wangu, ambaye bado sijampa mkono huu? Bwana atupe neema ya kwenda kwake wiki hii hii.

Amina.