Sifa za Kulipiwa na Amana ya Kalamu



Siku hizi tunaulizwa maswali ambayo masheikh waliotufundisha hawakupata kuulizwa. Mojawapo ni hili: Je, inafaa mfanyabiashara Mwislamu kuitumia ile kamusi elezo ya katika intaneti, iitwayo Wikipedia, ili kuipatia kampuni yake jina na wateja? Na kijana anayelipwa kuiandika makala hiyo, ujira wake ni halali au si halali?

Wako watakaosema kuwa hili ni jambo dogo, ni maneno tu ya kwenye simu. Sivyo. Ndani yake mna mambo matatu ambayo dini yetu haikuyafanyia mzaha hata siku moja: biashara, ushahidi na amana. Basi na tulitazame kwa utulivu, hatua kwa hatua.

KISIMA CHA WOTE

Kwanza yatupasa tuijue kamusi yenyewe. Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Tofauti yake na kamusi elezo za zamani ni kuwa haiandikwi na wataalamu wachache walioajiriwa. Mtu yeyote mwenye simu au kompyuta aweza kuandika, kuongeza au kusahihisha. Haiuzwi wala haipokei matangazo ya biashara; gharama zake hulipwa kwa michango ya watu.

Kwetu sisi mfano wake ulio karibu ni kisima cha wakfu. Mmoja amechimba, mwingine amejengea, wa tatu huja kuzoa tope, na kila mwenye kiu hunywa bila ya kuulizwa anatoka wapi. Tena kisima hiki hunywewa na watu wengi kuliko wanaokijua. Mwenye kutafuta jambo katika Google mara nyingi huletewa makala yake mbele kabisa, na programu za akili mnemba zinazojibu maswali ya watu zimefundishwa kwa maandishi yake pia. Neno likiandikwa humo leo, kesho litasomwa mahali pengine na mtu asiyejua lilikotoka.

Sasa utaelewa kwa nini wenye makampuni wanakitamani. Tangazo la redioni kila mtu analijua kuwa ni tangazo. Husikiliza huku akipunguza. Lakini kamusi elezo msomaji huiamini kwa kuwa anadhani humo hakuna anayemuuzia kitu. Imani hiyo ndiyo bidhaa inayotafutwa. Na hapa pana ajabu, ndugu msomaji, uifikirie vizuri: imani ya kuwa hakuna anayeuza hufa palepale inapouzwa. Mwenye kuinunua hawezi kuipata ila kwa kumficha msomaji kuwa ameinunua.

YALIYOTOKEA

Haya si ya kudhani. Mwaka 2013 iligunduliwa kuwa kampuni moja ya Marekani, Wiki-PR, ilikuwa ikiandika makala kwa malipo kwa kutumia mamia ya majina ya uongo, hata mtu mmoja akaonekana kama watu wengi wasiojuana. Majina hayo yakafungiwa. Juni 2014 likawekwa sharti rasmi: anayelipwa kuandika lazima amtaje mwajiri wake, mteja wake na uhusiano wao. Mwaka 2015 likafichuliwa kundi jingine lililopewa jina la Orangemoody. Majina 381 yalifungiwa na makala 210 zikafutwa. Hawa walikuwa wakiwaendea wenye biashara ndogo ambao makala zao zilikuwa zimekataliwa, kisha wakiwatoza fedha ili makala zikubaliwe na zilindwe. Tazama jinsi mlango mbaya unavyoita mlango mbaya zaidi: aliyetaka kununua sifa akaishia kulipa kodi kwa matapeli.

Mwaka 2019, huko Brazili, kampuni ya mavazi ya The North Face na wakala wake wa matangazo waliondoa katika makala za milima na mbuga picha zilizokuwamo, wakaweka zao zenye watu waliovaa nguo na mabegi ya kampuni hiyo, ili mwenye kutafuta habari za mlima akutane na bidhaa. Kisha wakajisifia kwa filamu kuwa wamefanya hivyo bila kulipa chochote. Watu walipokasirika, kampuni iliomba radhi.

Na usidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Nchini Kenya palikuwa na orodha ya biashara iitwayo Mocality, iliyokusanywa kwa jasho, duka kwa duka. Januari 2012 ilibainika kuwa watu waliokuwa wakifanya kazi kwa ajili ya Google walikuwa wakichukua namba za simu katika orodha hiyo, wakiwapigia wafanyabiashara na kuwaambia uongo kuwa kampuni hizo mbili zinashirikiana. Google yenyewe ilikiri na kuomba radhi. Orodha si kamusi, lakini ugonjwa ni uleule: kuvaa kanzu ya mtu mwingine ili uaminiwe kwa jina lake.

MIZANI YA SHERIA

Wanachuoni wetu wana neno moja, tadlisi, nalo hutumika katika elimu mbili. Katika fiqhi ya biashara, tadlisi ni kuificha aibu ya bidhaa ili mnunuzi asiione. Katika elimu ya Hadithi, tadlisi ni mpokezi kumficha mtu aliyempa khabari, au kuieleza kwa namna itakayomfanya msikilizaji adhani imetoka kwingine. Muuzaji na mpokezi wa Hadithi wameitiwa neno moja kwa sababu kosa lao ni la namna moja: kumnyima mtu kile ambacho lau angekijua angeamua vingine. Na mwenye kuandika makala ya kampuni huku akificha kuwa analipwa na kampuni hiyo amezikusanya tadlisi zote mbili kwa pamoja, kwani anauza na anapokea khabari kwa wakati mmoja.

Liko na jambo la pili, najshi. Nalo ni mtu kusimama sokoni na kuipandisha bei bidhaa asiyokusudia kuinunua, ili mnunuzi wa kweli adanganyike. Mtume (S.A.W.) amelikataza. Mtu huyo pengine hakusema neno la uongo hata moja. Alitaja bei tu. Uongo wake umo katika kusimama kwake: amesimama kama mnunuzi na yeye si mnunuzi. Basi na yule anayeandika kama msomaji mwema aliyependezwa na kampuni, na kumbe ni ofisa masoko wake, amesimama mahali palepale.

Hapa kwetu Mkuyuni mambo haya yanaeleweka bila kitabu. Machungwa, mananasi, ndizi na mdalasini vinavyoshuka kutoka Uluguru hupita kwa madalali kabla ya kufika Morogoro na Dar es Salaam. Kila mkulima aijua lumbesa, lile gunia la kushonewa kilemba, linalohesabiwa kuwa moja na ndani yake mna karibu moja na nusu. Kila mnunuzi alijua tenga lenye machungwa mazuri juu na mabovu chini. Surat al-Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kwa wenye kupunja vipimo. Maelezo nayo ni kipimo. Mwenye kupima sifa zake kwa pishi kubwa na aibu zake kwa kibaba amepunja.

HOJA ZA WAPINZANI

Nitaeleza hoja tatu nilizozisikia, kwani si insafu kumhukumu mtu bila ya kumsikiliza.

Ya kwanza: "Yote niliyoandika ni kweli. Kampuni ipo, bidhaa ni nzuri. Kosa liko wapi?" Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Jawabu lake liko katika mahakama ya kadhi. Wengi katika mafakihi hawaukubali ushahidi wa baba kwa faida ya mwanawe. Je, ni kwa sababu baba wote ni waongo? Hasha. Ni kwa sababu pana tuhuma ya mapenzi na maslahi, na hakimu hana njia ya kupambanua. Baba anaweza kuwa anasema kweli tupu. Lakini hawezi kusimama kama shahidi wa kando, kwani si wa kando. Tena ikumbukwe khabari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini. Mwenye mali hakuwa amesema neno la uongo. Mvua ndiyo iliyonyesha. Alichoambiwa ni kuwa ilimpasa auweke unyevu juu watu wauone. Basi kweli iliyochaguliwa, ikawekwa kavu juu na majimaji chini, haitoshi kuwa kweli.

Ya pili: "Sisi ni wadogo. Makampuni makubwa yana fedha za matangazo na makala ndefu. Tukinyamaza, nani atatujua?" Nami nakiri kuwa hapa pana machungu ya haki. Methali yasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mkulima wa Kinole aliyeona ndizi zake zikioza kando ya njia kwa kukosa gari anajua kuwa chema nacho kinahitaji msaada kufika sokoni. Dini haikumkataza mtu kuisifu bidhaa yake kwa kweli. Na asimame dukani kwake, achapishe tangazo lake, afungue ukurasa wenye jina lake. Lililokatazwa ni kutangaza kwa mdomo wa mwingine. Tena ukubwa wa mkosaji haumhalalishii mdogo kosa. Kama lumbesa ya tajiri ni dhuluma, lumbesa ya maskini haiwi sadaka.

Ya tatu: "Masharti ya kamusi hiyo yamewekwa na watu wa mbali, wengi si Waislamu. Yanatufunga vipi?" Jawabu: aliyebonyeza ili maneno yake yachapishwe ameyakubali masharti hayo, na Waislamu wamefundishwa kusimama juu ya masharti waliyoyakubali maadamu hayahalalishi haramu. Sharti la kujitaja halihalalishi haramu, linaamrisha ukweli. Ahadi haipungui uzito kwa kuwa aliyeahidiwa ni mgeni.

UJIRA WA KIJANA

Yuko kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu, hodari wa kalamu, asiye na kazi ya kudumu, ana mama na wadogo zake wanaomtegemea. Alipewa kazi ya kumwandikia mfanyabiashara mmoja makala katika kamusi hiyo, kwa fedha ambazo kwake si kidogo. Alikuja kuniuliza kabla ya kuanza, na jambo hilo peke yake lastahili dua. Nilimwambia: ujira wa kuandika ni halali kama ujira wa fundi yeyote, ila ujitaje kuwa unalipwa na nani, useme yanayothibitishwa na vyanzo vya watu wengine, wala usiyafiche yasiyompendeza mteja. Ukiyatimiza hayo, kula. Ukitakiwa kujificha, basi unacholipwa si bei ya maandishi, ni bei ya kule kujificha, na hicho si kitu cha kuuza.

Akaenda akamweleza mteja wake. Mteja akasema kama ni lazima kujitaja, haina faida kwake, akaondoka na fedha zake. Sitakuficha, ndugu msomaji, kuwa kijana alipata hasara, na sikumwahidi kuwa riziki nyingine itabisha hodi asubuhi yake. Lakini jibu la yule mteja lilimaliza mjadala wote. Lau alichokitaka kilikuwa ni makala tu, makala angeipata. Alichokitaka ni pazia.

LILILO BORA

Basi afanye nini mwenye biashara anayeitakia heri kampuni yake na kisima cha wote? Akiona kosa katika makala inayomhusu, aende katika ukurasa wa majadiliano ya makala hiyo, ajitaje, alete ushahidi, awaachie wengine wasahihishe. Akitaka kuchangia, achangie elimu badala ya jina lake: jinsi mdalasini unavyobanduliwa na kukaushwa, wakati wa kuchuma karafuu, picha nzuri za milima yetu zisizo na nembo ya mtu. Lugha yetu ina waandishi wachache katika kamusi hiyo kuliko Kiingereza, chenye zaidi ya makala milioni 6. Na palipo na walinzi wachache, uongo hukaa muda mrefu kabla ya kuonekana. Ndiyo maana amana yetu sisi Waswahili ni nzito zaidi, si nyepesi.

Sisi tunaokaa Uluguru tunapaswa kulifahamu hili kuliko wengine. Vijito vyetu huingia Mto Ruvu, na Ruvu hunywewa na Dar es Salaam. Mwenye kutia uchafu juu huku hatamwona mtoto atakayeumwa tumbo kule chini, wala mtoto huyo hatalijua jina lake. Lakini Mwenyezi Mungu anawajua wote wawili. Na mwenye kuandika katika kitabu kinachosomwa na watu asiowajua yuko juu ya kijito. Na aangalie anachokitia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) azitakase kalamu zetu kama alivyotuamrisha kuitakasa mizani yetu, na awape vijana wetu riziki ya halali isiyohitaji kujificha. Amin.