🌙 RAMADHANI, SIKU YA 19: Moto hausafishi haki ya mtu



Ndugu yangu mfungaji, hebu leo tutazame kisu. Sio cha dukani, kile kilichofuliwa kwa mkono kutokana na msumari wa reli, ule mnene unaoshika reli kwenye taruma. Mhunzi huutia motoni hadi uwe mwekundu, akaupiga nyundo, akaubapa, akaunoa. Ukikiona kisu hutajua kilikuwa msumari.

Swali: kama msumari ule uling'olewa usiku kwenye njia ya treni, je, moto umeuhalalisha?

Sio swali la kubuni. Januari 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa sababu watu walikuwa wakiharibu miundombinu ya umma na kuuza vyuma. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huohuo, kwa masharti.

Mafuqahaa walilijadili zamani, na mfano wao ni huuhuu: mtu kapora chuma akafua upanga. Mahanafi wakasema upanga ni wake, lakini lazima alipe thamani ya chuma, na asiutumie kabla ya kulipa. Mashafii, ambao ndio madhehebu ya pwani yetu, wakasema chuma bado ni cha mwenyewe hata kikiwa upanga. Wametofautiana kuhusu umiliki. Kwamba haki ya mwenye chuma imepotea kwa sababu ya moto, hakuna aliyesema.

Mhunzi atakwambia: "Mimi sikuiba, nimenunua kwa kilo. Na jasho langu je?" Kweli, asiyejua si sawa na mwizi. Na vyuma halali vipo, reli kuukuu huuzwa kwa karatasi zake. Lakini bei ikiwa rahisi mno nawe ukaogopa kuuliza, basi jibu unalo. Sisi wanunuzi pia, jamani, tusijitoe.

Tena reli ni ya umma. Ukimdhulumu jirani utabisha hodi umwombe radhi. Abiria wote wa treni ile utawapata wapi?

Sasa tujirudie. Jina Ramadhani lina asili ya joto kali, na wapo maulamaa waliosema ni kwa kuwa mwezi huu unaunguza madhambi. Alhamdulillah. Lakini haki za waja haziungui kwa njaa wala kwa rakaa za tarawehe. Zinataka kurudishwa, au mwenyewe asamehe.

Kwa hiyo kabla ya futari ya leo, pitisha macho nyumbani kwako. Deni ulilonyamazia. Mshahara wa dada wa kazi uliokatwa bila sababu. Kitu ulichoazima kikageuka chako. Chagua kimoja, kirudishe leo.

Yaa Allah, tutakabalie swaumu zetu, na utupe ujasiri wa kurudisha visivyo vyetu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako. 🤲