Moshi wa Wazazi na Haki ya Mtoto Asiyesema

Mtu mzima akivuta sigara peke yake shambani, watu husema kwamba anajidhuru mwenyewe, na mazungumzo huishia hapo. Lakini mwanamke mwenye mimba hayuko peke yake hata akiwa shambani. Wala mume alalaye karibu naye hayuko peke yake, wala mzazi aliyempakata mtoto wa majuma matatu. Hapo jambo lililoonekana kuwa la uhuru wa mtu linageuka kuwa jambo la haki, kwa kuwa yuko mwingine anayeipokea tumbako ile bila kuulizwa, naye hana kinywa cha kukataa.

Maswali mawili yanatokea. La kwanza: mtoto ambaye hajazaliwa anadai nini kwa wazazi wake? La pili, nalo ndilo gumu zaidi: deni hilo ni la nani, na linakwisha lini? Wengi hulijibu la kwanza upesi, halafu la pili hulijibu vibaya.

Wazee wa zamani wasilaumiwe kwa jambo hili. Tumbako ilipoenea duniani, waandishi wa mambo ya maadili walibishana kama ugoro unavunja mfungo wa kabla ya Komunyo. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII alikataza tumbako ndani ya makanisa ya jimbo la Sevilla, huko Hispania. Aliangalia heshima ya mahali patakatifu. Juu ya mtoto aliye tumboni hakuna aliyesema neno, maana hakuna aliyejua. Ujuzi ulikuja pole pole. Mwaka 1957 Winea Simpson alitangaza habari za mama zaidi ya 7,000 waliozalia katika hospitali za California: waliovuta sigara walizaa watoto wasiotimia karibu mara mbili kuliko wasiovuta. Mwaka uliofuata, huko Uingereza, waliandikwa watoto karibu 17,000 waliozaliwa katika juma moja tu la mwezi wa Machi. Hesabu za watoto hao zilipotolewa mwaka 1972 zilionyesha jambo la kutisha na jambo la kufariji pamoja. La kutisha ni kwamba watoto wa mama wavutao walikuwa wepesi zaidi, na waliokufa kati yao walikuwa wengi zaidi. La kufariji ni kwamba mama walioacha kabla ya mwezi wa 5 wa mimba walihesabiwa sawa na wale ambao hawakuvuta kabisa katika mimba ile. Habari hii ya pili haihubiriwi vya kutosha. Mwanamke akiambiwa tu kwamba amekwisha kumdhuru mtoto wake, hukata tamaa na kuwasha nyingine.

Namna madhara yanavyoingia si fumbo. Moshi wa sigara una gesi iitwayo kaboni monoksidi, ile ile iuayo watu wanaolala na mbabula ya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi hiyo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi inavyoshikamana nayo, ikakalia mahali pa ile hewa ambayo mtoto angeipata. Nikotini nayo hukaza mishipa ya damu, hupita katika kondo la nyuma, na kumfikia mtoto. Mtoto aliye tumboni havuti pumzi kwa pua. Pumzi yake yote ni damu ya mama. Akipunguziwa hiyo, hukua kwa shida. Kwa kadiri ya kawaida, mtoto wa mama avutaye huzaliwa amepungukiwa gramu 200 hivi. Kwa mtoto mnene gramu hizo ni kitu kidogo. Kwa mtoto ambaye angefika gramu 2,600, ndizo zinazomshusha chini ya 2,500, yaani katika hesabu ya watoto wadogo mno, ambao wauguzi huwaangalia kwa hofu. Tena yako mengine: kondo kubanduka kabla ya wakati, mimba kutoka, mtoto kuzaliwa amekwisha kufa.

Basi, swali la kwanza limejibiwa: mtoto anadai pumzi yake. Hadai fadhili, anadai kilicho chake.

Lakini ni nani mdeni? Hapa ndipo watu hujipotosha. Mahali pengi pa Kongo wanawake wavutao sigara ni wachache, na wanaume wavutao ni wengi zaidi. Kwa hiyo wapo wanaodhani kwamba fundisho hili ni la wanawake wa Ulaya, wala halituhusu. Mwaka 1958 pengine mtu angeweza kusema hivyo, leo hawezi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008, uliowauliza wanawake wenye mimba katika nchi kadha wa kadha, Kongo ikiwamo, ulikuta kwamba kwetu wapo waliowahi kuonja tumbako isiyo na moshi, na kwamba 17 hivi katika kila 100 walisema kuvuta kunaruhusiwa ndani ya nyumba zao. Katika Pakistan walikuwa zaidi ya 91 katika kila 100. Kwa kulinganisha, Kongo ilisimama vizuri. Kwa wale watoto wa nyumba 17, kulinganisha huko hakuwafai kitu.

Ugoro nao usisahauliwe. Bibi mwenye kikopo chake cha ugoro hajihesabu kuwa mvutaji, wala mkwewe mwenye mimba anayeombwa aonje kidogo ili kichefuchefu kitulie. Husemwa: «Hii ni tumbako ya wazee, haina moshi.» Ni kweli, haina moshi. Ina nikotini, nayo hufika kwa mtoto kwa njia ya damu ile ile.

Na itazamwe sasa siku ya kupima mimba katika kituo cha afya. Muuguzi anauliza: «Mama, unavuta sigara?» Mama anajibu: «Hapana.» Muuguzi anaandika «hapana», anaita mwingine. Wote wawili wamesema kweli, na kweli hiyo haikumsaidia mtoto, maana baba wa mtoto huvuta kila usiku kando ya kitanda, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya mbu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2013, lilitaka kila mwanamke mwenye mimba aulizwe juu ya tumbako yake mwenyewe, ya moshi na isiyo na moshi, na tena juu ya moshi wa watu wengine, na kwamba mume na wenzake wa nyumbani nao washauriwe. Swali likiulizwa hivyo, mdeni hubadilika. Anayeketi mbele ya muuguzi ni mke, lakini anayepaswa kujibu pengine yuko kazini, na pakiti imo mfukoni mwake.

Yako mashtaka yasiyo ya haki. Mwanaume avutaye, akimwona mwanamke mwenye mimba amewasha sigara, humkemea hadharani, na watu humsifu. Yeye mwenyewe arudi nyumbani afanye nini? Akivuta ndani, mke wake anavuta naye. Tangu mwaka 1981, Takeshi Hirayama alipoonyesha huko Japani kwamba wake wa wavutaji hufa kwa kansa ya mapafu zaidi kuliko wake wa wasiovuta, hakuna haki ya kusema kwamba moshi wa mume unabaki kwa mume.

Hata mama avutaye kweli asihukumiwe upesi. Mafundisho ya maadili yamesema tangu zamani kwamba mazoea yaliyotia mizizi hupunguza uhuru wa mtu, na uhuru ukipungua, hatia hupungua. Nikotini hufunga kwa nguvu. Aliyefungwa nayo alianza pengine akiwa msichana, kabla ya kufikiri habari za mtoto. Lakini hatia kupungua si wajibu kuondoka. Mtu aliyefungwa kamba halaumiwi kwa kutotembea; hulaumiwa akikataa kufunguliwa. Ndiyo sababu aibu ni adui mbaya. Mwanamke anayeogopa kuaibishwa husema «hapana» kwa muuguzi, huvuta nyuma ya choo, na hakuna amsaidiaye. Anayemwaibisha amechukua sehemu ya deni lake.

Swali lililobaki ni la wakati, nalo limekunjamana kuliko yote.

Wako wanawake wengi waachao mara wanapojua wana mimba, na wengine huacha bila shida kubwa, kwa maana harufu yenyewe huwachukiza. Miezi tisa hupita. Mtoto huzaliwa, jamaa hufurahi, na baada ya siku chache sigara inarudi. Katika Marekani na Uingereza imeonekana mara nyingi kwamba karibu nusu ya walioacha kwa ajili ya mimba hurudia kabla mtoto hajatimiza mwaka. Kwa nini? Uchovu una sehemu yake: usiku usio na usingizi, maziwa, kilio, upweke wa mchana. Mume ambaye hakuacha ana sehemu kubwa zaidi, maana pakiti ilibaki mezani miezi yote tisa ikingoja. Lakini iko sababu nyingine, iliyomo katika ahadi yenyewe. Mama alisema: «Naacha kwa ajili ya mimba.» Mimba imekwisha, basi ahadi nayo imekwisha. Hakuivunja, ilitimia. Alifunga kama mtu afungavyo Kwaresima, na Pasaka imefika.

Hapa akili ya mtu inajidanganya. Je, mtoto akitoka tumboni anapoteza haki aliyokuwa nayo ndani? Jana alipokea moshi kwa damu, leo anaupokea kwa mapafu yake mwenyewe, tena mapafu madogo yanayopumua upesi kuliko ya mtu mzima. Watoto wachanga wakaao katika moshi hupatwa zaidi na kichomi, na maumivu ya masikio, na pumu. Tena kifo kile cha ghafula kinachomkuta mtoto usingizini pasipo ugonjwa ulioonekana huwajia zaidi. Nikotini huingia katika maziwa pia. Hata hivyo mama asije akafanya kosa la pili kwa kulikimbia la kwanza: kama bado hajaweza kuacha, asimwachishe mtoto ziwa. Maziwa yake bado ni bora. Avute baada ya kunyonyesha, si kabla, tena nje, mbali na mtoto. Hiyo si ruhusa, ni kupunguza madhara mpaka aweze.

Ahadi iliyo sawa, basi, haina budi kusemwa kwa maneno mengine, na kwa vinywa viwili. Mume na mke waache siku moja. Mume asiyetaka kuacha kabisa ana wajibu ulio mdogo kuliko huo, usiokwepeka: tumbako isiingie nyumbani, wala mfukoni mwa koti linalotundikwa juu ya kitanda cha mtoto. Kuvuta mlangoni hakutoshi. Upepo hurudisha moshi ndani, na nguo huuchukua. Kuhusu njia, machache yatosha. Kuacha kabisa kunashinda kupunguza, maana avutaye tatu badala ya kumi huzivuta kwa nguvu zaidi. Siku za kwanza ndizo kali. Baada ya majuma mawili mpaka manne mwili hutulia. Hamu ikija hudumu dakika chache: kunywa maji, kutembea, kumbeba mtoto. Dawa za kusaidia kuacha zipo, lakini mwenye mimba asizinywe bila shauri la mganga wa hospitali. Na fedha zihesabiwe kila jioni, hasa na wale wanunuao sigara moja moja kwenye kibanda, ambao hawaoni kamwe jumla yake.

Linabaki jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji, nalo katika nyumba nyingi za kwetu ndilo linaloharibu yote. Baba mkwe amekuja kumwona mjukuu. Ameketi sebuleni, ametoa kiko chake. Nani atamwambia? Mkazamwana hawezi; heshima inamfunga, na akithubutu, shari itakaa nyumbani kuliko moshi. Si kazi yake. Ni kazi ya mwana. Naye asimtume mkewe, wala asingoje mzee awashe, kwa maana kumzima mtu mzima ni kumwaibisha. Mapema, kabla ya chakula, aweke kiti chini ya mwembe, na moto huko huko, aseme: «Baba, mtoto amelala ndani. Nimetutengenezea mahali pa nje.» Mzee pengine atacheka, au atakasirika: «Wewe nilikulea katika moshi huu huu, nawe hukufa.» Jibu liko, nalo halina dharau: «Ni kweli, Baba. Wakati ule hakuna aliyekuambia.» Kisha mwana asimwache mzee akae huko peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Atoke naye, aketi upande usiopelekewa moshi, amwulize habari za shamba na za ndugu waliobaki kijijini, mpaka kiko kiishe. Ndipo amletee maji, mzee anawe mikono na uso, na mjukuu atolewe nje apakatwe.