Nia Njema Haipimi Dawa

Je, mtu aliyetenda kwa huruma akaleta madhara ana hatia? Swali hili nitalipima kwa jambo ambalo baadhi ya wasomaji watalicheka: mbwa kuzidishiwa dawa ya kutuliza hofu.

Binti yangu na mumewe wanaishi Uingereza. Huko, kila ifikapo tarehe 5 Novemba, watu hurusha fataki usiku. Mbwa wao hutetemeka na kujificha, hivyo daktari wa mifugo alimwandikia trazodoni, dawa ambayo binadamu pia hutumia kwa ugonjwa wa sonona. Kiasi chake hufuata uzito wa mnyama. Jioni moja mume alimpa kipimo chake. Mke aliporudi kazini akampa tena, bila kuuliza. Haukupita muda mrefu, mbwa akaanza kupepesuka kama mlevi.

Nani mkosaji? Kila mmoja alitenda jema, na mema mawili yakazaa baya. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba atendaye bila kujua, kisha akajuta, hakutenda kwa hiari. Hata hivyo, aliongeza kuwa kutojua kunakotokana na uzembe hakumwondolei mtu lawama.

Nami naafikiana naye. Mtu mzima akipewa dawa mara ya pili atasema, "Nimekwisha kumeza." Mbwa hana ulimi wa kusema hivyo, hula kilichomo katika mkono anaouamini. Kadiri anavyotuamini, ndivyo wajibu wetu wa kuuliza unavyozidi.

Lakini mtihani mkubwa huja baadaye. Aibu humshawishi mtu anyamaze, akitumaini mambo yatatengemaa yenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wale wawili walimpigia daktari simu papo hapo, wakataja idadi ya vidonge na saa. Walikatazwa kumtapisha, kwani mnyama mwenye usingizi mzito aweza kupaliwa, matapishi yakaingia mapafuni. Walimkesha, na kulipokucha alikuwa anatembea vizuri. Tangu hapo kuna karatasi jikoni: anayetoa dawa huandika saa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Hatia ipo, ingawa nia njema huipunguza. Machozi hayailipi. Hulipwa kwa kusema kweli mapema, wakati bado inaweza kusaidia, na kwa karatasi kama ile.