Kumsomea Mbwa Gazeti

Mwaka jana mhariri wangu alinituma nikaandike habari ya kituo kimoja kinachohifadhi mbwa waliookotwa mitaani, nje kidogo ya Dar es Salaam. Sikutaka kwenda. Mimi si mtu wa mbwa. Nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo mbwa akikatiza uani bibi alimwaga maji pale alipopita, na neno lenyewe nililijua kama tusi kabla sijalijua kama jina la mnyama. Lakini kazi ni kazi. Nikapanda daladala mpaka mwisho wa gari, nikamalizia na bodaboda.

Kelele nilizisikia kabla sijaliona geti. Ndani kulikuwa na vizimba vya wavu, safu mbili zinazotazamana, sakafu ya saruji, mbwa kama 40 hivi. Ukipita katikati wanajibamiza kwenye wavu kwa vifua. Kwenye kizimba cha mwisho alikuwepo mmoja wa kahawia, koko kabisa, sikio moja limekatika, ambaye hakubweka. Alikuwa anazunguka. Anatoka kona hii, anafika ile, anageuka, anarudi, njia ileile, bila kusimama. Nilimtazama kwa muda mrefu. Yeye hakunitazama hata mara moja.

Mzee aliyekuwa anawahudumia alikuja na ndoo. Nikamwamkia. "Marahaba, binti," akasema, halafu akaangalia mkono wangu. "Hilo gazeti umeshalisoma?"

Nikampa. Akachana kurasa, akaviringisha tonge la ugali na dagaa ndani ya kila kipande, akavisokomeza vyote kwenye boksi tupu la sabuni na kulisukuma kizimbani. Yule mbwa alipita mara moja, akapita mara ya pili, kisha akasimama. Akanusa. Halafu akaanza kuchana. Alichana kwa dakika kumi nzima, taratibu, mkia umelegea, na alipomaliza akajilaza juu ya mabaki ya karatasi akalala. Ukurasa wenye makala yangu ulikuwa miongoni mwa vilivyochanwa mwanzo. Sijawahi kupata msomaji makini kama yule.

Nimeandika habari nyingi na nyingi nimezisahau. Hii imenigomea, kwa sababu imeniachia swali ambalo bado nazunguka nalo kama yule mbwa: je, kumpunguzia kiumbe dhiki ndani ya kizimba ni wema, au ni namna yetu ya kukizoea kizimba?

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, na nikakuta yule mzee yuko upande mmoja na maabara. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wright State, kule Ohio, Marekani, walipima kotisoli, ile homoni inayopanda mwili unapokuwa kwenye msongo, katika damu ya mbwa wa kituo cha kuhifadhia wanyama. Wale waliokuwa katika siku tatu za mwanzo walikuwa na kiwango kikubwa kuliko mbwa wanaoishi majumbani. Haishangazi. Mbwa ni kiumbe wa harufu na wa mazoea. Mwondoe mahali anapojua kila kona inanukaje, mweke kwenye saruji iliyooshwa kwa dawa, kati ya wageni wanaopiga kelele usiku na mchana, halafu mnyime kazi yoyote ya kufanya. Hata binadamu angeanza kuzunguka.

Tiba zilizojaribiwa ni za bei ambayo inakaribia kutia aibu. Huko Belfast mwaka 2002 watafiti waliwapigia mbwa muziki wa klasiki, wakatulia. Wakawapigia ule wa magitaa mazito, wakabweka zaidi. Mwaka 2005 watafiti hao wakaja na harufu ya lavenda na ya kamomili, mbwa wakapumzika zaidi. Mwaka 2006 utafiti uliofanyika Colorado ulionyesha kwamba mbwa aliyekaa na mtu kwa dakika 45 katika siku yake ya pili kituoni, wakicheza na kupapaswa, alikuwa na kotisoli pungufu siku iliyofuata kuliko ambaye hakupata mtu. Kule Scotland waligundua kwamba muziki uleule ukirudiwa siku baada ya siku mbwa wanauzoea na hauwasaidii tena, na kwamba rege ni kati ya aina zilizowatuliza vizuri. Na mwaka 2016, wapenzi wa vitabu mtafurahi, utafiti mmoja wa Uingereza uliwawekea mbwa sauti ya mtu anayesoma kitabu. Walipumzika kuliko walipowekewa muziki.

Ongeza na yale ambayo wahudumu wanayajua bila maabara. Nguo kuukuu ya mitumba iliyolala nje ya kituo na kuja na harufu za mtaa. Chakula kilichotawanywa kwenye majani ili kitafutwe badala ya kumwagwa sahanini. Trei za mayai. Kile kipande cha boksi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Kipande cha turubai cha kuzuia mbwa wasitazamane kutwa nzima. Tahadhari zipo: pini za boksi zitolewe, anayegombania chakula apewe peke yake, mifupa ya kuku iliyopikwa isitumike kabisa. Lakini bajeti? Karibu hakuna.

Na hapo ndipo shida yangu inapoanza. Tumezoea kujitetea kwa umaskini. Nchi yenyewe hivi, watoto wanalala na njaa, wewe unazungumzia michezo ya mbwa? Nimeisikia hoja hiyo kila nilipomsimulia mtu safari yangu, na sitaki kuidharau, maana njaa ya mtoto ni kweli. Ila nimegundua kwamba mara nyingi anayeitoa hampi mtoto wala mbwa. Anawatumia wote wawili kama sababu ya kutotoa. Na boksi la sabuni halijawahi kumnyima mtoto yeyote chakula. Umaskini unaweza kutueleza kwa nini hatuna kituo kizuri. Hauwezi kutueleza kwa nini boksi tupu linaenda jalalani wakati mbwa anazunguka.

Bibi yangu yuleyule wa kumwaga maji ndiye aliyenisimulia kisa cha mtu aliyeona mbwa anakula udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Nilipokuwa mdogo sikuona mgongano kati ya kisa hicho na yale maji ya uani, na nadhani bibi hakuuona pia. Unajisi ni habari ya udhu. Kiu ni habari ya kiumbe. Ninachokiona sasa nikiwa mtu mzima ni kile kiatu. Yule mtu hakusubiri ndoo, wala mfadhili. Alikuwa na kiatu.

Wanafalsafa wana njia zao za kufika hapo. Kant aliwafundisha wanafunzi wake kwamba anayemtesa mbwa anaharibu utu wake mwenyewe, na kesho atakuwa mkali kwa watu. Wengi wetu tumelelewa hivyo: usimpige mawe mbwa, utakuwa mtu mbaya. Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, alikwenda mbele zaidi, akasema la kuuliza si kama mnyama anafikiri au anasema, ila kama anaumia. Mimi niliyesimama mbele ya kile kizimba nipo na Bentham. Yule mbwa hakuwa kioo cha kuangalizia tabia yangu. Alikuwa na shida yake, na shida hiyo ingekuwepo hata kama nisingefika.

Lakini nilisema nina swali, na swali halijaisha.

Siku ya kwanza ile, tukiwa tunajaza maboksi, mzee alicheka peke yake. "Binti, hawa wana ratiba ya kuchangamshwa. Jumatatu boksi, Jumanne redio. Mimi mshahara mwezi wa pili huu sijauona. Mimi nani ananiwekea boksi?" Alisema bila uchungu, huku mikono inaendelea kuviringisha matonge. Nikaandika maneno yake kwenye habari yangu. Mhariri akakata aya hiyo. Alisema inachanganya mada, wasomaji wanataka mbwa. Sikubisha. Habari ikatoka na picha nzuri ya yule wa kahawia akichana karatasi, watu wakaipenda sana mtandaoni.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naipenda methali hiyo, lakini tangu siku ile naiogopa kidogo, kwa sababu inaweza kumgeukia mtu asiyelipwa na kumwambia kwamba moyo wake unatosha. Zile tafiti zote zinazungumzia gharama nafuu. Nafuu kwa nani? Boksi ni bure. Dakika 45 si bure. Ni dakika za mtu. Kila kitu rahisi kwenye orodha ile kinalipiwa na mkono wa mtu fulani, na mkono huo una nauli ya kulipa na watoto wa kusomesha. Ukiniuliza leo wema wa bei rahisi unaanza kuwa uovu wapi, nitakujibu: pale urahisi wake unapopatikana kwa kumbana anayeutenda. Sikuliandika hilo wakati ule. Nalilipa hapa, kwa kuchelewa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mbwa waliotolewa vituoni wakalala nyumbani kwa watu usiku mmoja au mbili. Kotisoli ilishuka. Waliporudishwa kituoni, ikapanda tena pale ilipokuwa. Basi faida ni nini? Kama kizimba kipo palepale, je, hatumpi tu mfungwa mto laini ili sisi tulale vizuri?

Nilimkumbuka Coetzee. Katika riwaya yake *Disgrace* ya mwaka 1999 kuna profesa aliyeanguka kwa makosa yake mwenyewe, David Lurie, ambaye anaishia kusaidia kliniki ya wanyama huko Eastern Cape, Afrika Kusini, mahali ambapo mbwa wasiotakiwa huuawa kwa sindano. Kuna mbwa mmoja kilema anayependa kusikiliza banjo yake. Lurie anampa muziki, anampa muda wake, na mwishoni anambeba kumpeleka kwenye sindano. Niliisoma chuoni nikaona ni ukatili wa mwandishi. Nikamaliza nikiuliza: kwa nini umpigie banjo mbwa utakayemuua?

Sasa nina jibu langu dogo. Baada ya habari kutoka nilirudi pale Jumamosi, nikarudi na inayofuata, Jumamosi sita kwa jumla. Ningependa kusema nilikwenda kwa huruma, lakini nadhani nilikwenda kwa ajili ya ile aya iliyokatwa. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda mbele ya kizimba cha mwisho, namsomea yule wa kahawia gazeti kwa sauti. Michezo, matangazo ya zabuni, barua za wasomaji. Wiki ya kwanza alizunguka. Ya tatu alikuja akalala upande wake wa wavu, mgongo umegusa goti langu. Kumchukua sikuweza, au niseme sikutaka vya kutosha: naishi chumba cha kupanga, mwenye nyumba hataki hata paka.

Jumamosi ya saba kulikuwa na mbwa mwingine mle ndani, mweusi, anabweka. Nikamtazama mzee.

"Alichomwa sindano Jumatano," akasema. "Wameletwa wengine tisa. Nafasi hakuna."

Nilikaa kwenye kigoda na gazeti langu, nikajiuliza kama zile Jumamosi sita zilipotea. Hazikubadilisha kitu. Hazikumpa nyumba, hazikumpa umri. Lakini nadhani kosa langu lilikuwa kudhani kwamba wema ni malipo ya awali ya kitu fulani kikubwa kitakachokuja baadaye, na kisipokuja basi pesa imeliwa. Saa ile aliyolala ameegemea goti langu ilikuwa saa yake. Aliiishi. Haikuhitaji kuishia popote ili iwe njema, kama vile maji ndani ya kiatu hayakuhitaji kumaliza ukame.

Mto laini unakuwa uongo pale tu tunapoutumia kama jibu. Anayepeleka boksi aendelee kuuliza kwa nini vizimba vinajaa: kwa nini hatuhasi mbwa wetu, kwa nini tunatupa watoto wao kwenye viroba, kwa nini chanjo ya kichaa cha mbwa tunaikumbuka mtu akishang'atwa, kwa nini mhudumu halipwi. Ajiulize, na bado apeleke boksi, kwa sababu mbwa aliyemo ndani leo hawezi kusubiri tumalize mjadala.

Yule mweusi alibweka mpaka akachoka. Mzee alikuwa ameshaanza kuviringisha matonge, akaninyoshea mkono bila kuniangalia. Nikachana gazeti katikati, nikampa nusu, nusu nikabaki nayo. Nikaanza na ukurasa wa michezo.