Sauti, Alama na Haki ya Mwanagenzi

Kumfundisha mwanagenzi kusoma huhesabiwa na wengi kuwa kazi ndogo. Mwalimu huonyesha herufi, mwanafunzi huitaja. Mwalimu husahihisha, mwanafunzi hurudia. Na baada ya miezi kadhaa kazi hudhaniwa kuwa imekwisha. Sisi twaona kuwa ndani ya kazi hii mna swali zito la haki. Mtu anayeketi mbele ya ubao kwa mara ya kwanza amekuja na nini, na mwalimu ana deni gani kwake? Je, mtu huyo ni chombo kitupu kinachongoja kujazwa, au ni mwenye mali ambaye hajaonyeshwa daftari la mali yake? Jibu la swali hili ndilo linaloamua namna tutakavyomfundisha, iwe twamfundisha kusoma maneno au kusoma muziki.

Tulipokuwa vijana, katika miaka ya mwisho ya 1980, tulipewa darasa la kisomo cha watu wazima kijijini. Darasa lilikuwa kivulini mwa mwembe, na ubao uliegemezwa shinani. Miongoni mwa wanafunzi alikuwako mama mmoja wa makamo, mwimbishaji mashuhuri wa ngoma, ambaye hakukosa hata jioni moja. Siku moja tulimwita asome. Alisimama, akakishika kitabu kwa mikono miwili, akausoma ukurasa mzima bila kukwama. Tulifurahi mno. Kisha tukatambua kuwa kitabu kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine kabisa. Alikuwa amelihifadhi somo la jana kwa kulisikia mara mbili tu kinywani mwetu. Darasa lilicheka, na sisi, twakiri leo kwa aibu, tulicheka nalo. Yeye hakucheka. Alisema, "Mwalimu, nilidhani wataka niyajue maneno. Kumbe wataka niyaone."

Maneno yale tumeyabeba kwa miaka mingi, maana yalikuwa na ukweli ambao sisi, pamoja na cheti chetu cha kidato cha nne, tulikuwa hatujaufikiri. Mama yule alikuwa na maneno tele. Alikuwa na vitendawili, methali, hesabu za misimu na nyimbo zisizo idadi. Kilichopungua kwake ni kimoja tu: hakuna aliyemweleza kuwa zile chale ubaoni ni sura ya sauti zake mwenyewe. Tulikuwa tumemfundisha alama kana kwamba sauti ni mali yetu, naye amekuja kuiazima.

Alama haikuanza yenyewe. Sauti hutangulia, alama hufuata. Wazee wetu wa pwani, waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kuenea, waliujua jambo hili vizuri. Katika maandishi yao ya zamani, herufi moja ya "be" iliweza kusimama mahali pa b, pa p, na hata pa mb. Msomaji hakuambiwa na karatasi ni ipi kati ya hizo. Aliambiwa na lugha aliyoizaliwa nayo, na katika utenzi aliambiwa na mizani na vina. Herufi za leo zinatupunguzia taabu hiyo, na mtoto aimbapo ba, be, bi, bo, bu, kila silabi husikika karibu sawa na inavyoandikwa. Lakini wepesi huo una hatari yake. Mtoto aweza kuunganisha silabi zote za sentensi kwa ufasaha, asijue amesema nini. Huyo na mama yule wa mwembeni ni pande mbili za shilingi moja: mmoja ana maneno bila alama, wa pili ana alama bila maneno. Hakuna kati yao ambaye amekwisha kusoma.

Aliyecheka wenziwe naye hufika zamu yake. Miaka michache baadaye tulijiunga na kwaya ya watumishi wa ofisi yetu. Tulikabidhiwa karatasi iliyojaa herufi za d, r, m na s, zikitenganishwa kwa nukta mbili mbili na vijistari vya wima. Sisi tuliokuwa tukiandika barua za serikali mchana na mashairi usiku, tulisimama mbele ya karatasi ile kama mabubu. Mwalimu wa kwaya alikuwa tarishi, aliyeishia darasa la saba. Alitutazama, asicheke, akazikusanya karatasi zote akaziweka kando. Akaimba do, tukaimba do. Akapanda kwa sauti hadi sol, akiinua mkono kwa kila hatua, nasi tukapanda naye. Wiki mbili hatukuiona karatasi. Aliporudisha karatasi zile, herufi ya s haikuwa fumbo tena. Ilikuwa jina la mahali ambapo sauti zetu zilikwisha kufika. Tarishi yule alitutendea haki ambayo sisi hatukumtendea mama yule.

Njia aliyoifuata ina historia. Huko Uingereza, katika karne ya 19, mwalimu mmoja mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, alitunga namna ya kuandika nyimbo kwa herufi za kawaida badala ya nukta juu ya mistari mitano. John Curwen, mchungaji aliyeishi kati ya 1816 na 1880, aliichukua kazi hiyo akaiendeleza, akaweka na ishara za mkono kwa kila sauti. Msingi wake ulikuwa kwamba mwanafunzi akijue kitu kwanza, ndipo aonyeshwe alama ya kitu hicho. Kwa kuwa alama zake zilikuwa herufi tu, nyimbo ziliweza kupigwa chapa kwa gharama ndogo, na watu wa kazi waliweza kuzisoma. Ndiyo sababu mfumo huo ulisafiri pamoja na misheni hadi Afrika, ukakaa katika kwaya zetu mpaka leo.

Hapa yupo atakayetupinga. Atasema: ikiwa sauti ndiyo asili, basi alama ya nini? Ngoma zetu zimerithiwa karne kwa karne bila nota. Siti binti Saad hakusomeshwa shule, lakini aliijaza taarabu ya Unguja kwa sauti yake, na mwaka 1928 alikwenda Mumbai akatiwa katika santuri. Je, yeye alipungukiwa na nini?

Pingamizi hili lina nguvu, na nusu yake twaikubali. Asiyesoma si mjinga, wala anayesoma si mwerevu kwa kusoma tu. Lakini tuangalie nusu ya pili. Sauti ya Siti twaisikia leo kwa sababu ilitiwa katika santuri, na maisha yake twayajua kwa sababu Shaaban Robert aliyaandika kitabuni. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yaliishi katika vifua vya watu. Nasi tunayo mengi kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika kabla ya wenye vifua hivyo kwisha. Mangapi hayakupata mwandishi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena liko jambo kubwa kuliko hifadhi, nalo ni uhuru. Katika karne ya 11 huko Italia, mtawa Guido wa Arezzo aliona kuwa waimbaji walitumia miaka mingi kuhifadhi nyimbo, na bado hawakuweza kuimba wimbo hata mmoja mpya bila ya mwalimu. Alipanga nota juu ya mistari, akazipa sauti majina ya silabi ambayo ndiyo asili ya do, re, mi tunayoimba. Tangu hapo mwanafunzi aliweza kuimba wimbo ambao mwalimu wake hakupata kuuimba. Mwalimu anayefundisha kwa masikio peke yake, hata akiwa na upendo mwingi, humweka mwanafunzi chini ya kwapa lake. Vivyo hivyo, asiyesoma mkataba hana budi kumwamini anayemsomea, kisha aweke dole gumba. Basi kumnyima mtu alama kwa kusifu kumbukumbu yake ni dhuluma iliyovikwa nguo ya heshima.

Tazama mfano ulio vinywani mwetu kila siku. Mwaka 1897, karibu na Johannesburg, mwalimu wa shule na wa kwaya aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo. Nyimbo zake aliziandika katika daftari kwa herufi hizo za do, re, mi, na waalimu wengine wa kwaya waliliazima daftari hilo. Sontonga alifariki mwaka 1905, bado kijana. Wimbo wake haukufa naye. Ulipita kinywa kwa kinywa na karatasi kwa karatasi, na mwaka 1961 Tanganyika huru iliusimamia kwa maneno ya Kiswahili, Mungu Ibariki Afrika. Sikio na jicho yalishirikiana katika safari hiyo.

Taifa letu lilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yapata theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Vitabu vya kwanza vya kisomo chenye manufaa vilizungumzia pamba, migomba, mifugo na uvuvi, yaani mambo ambayo mwanafunzi aliyajua kuliko mwalimu. Hiyo ilikuwa hekima ya kutanguliza kitu kabla ya alama. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya kumi kwa mia. Hata hivyo, miaka iliyofuata kiwango kilirudi nyuma, kwa kuwa madarasa yalipungua na vijijini hapakuwa na cha kusoma. Alama isiyotumika hufutika, kama njia isiyopitwa.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, deni lako kwa mwanagenzi lina sehemu mbili zisizotengana. Kwanza uitambue mali aliyokuja nayo, uanzie hapo, wala usimcheke. Kisha umpe alama kamili, kwa bidii na bila choyo, hadi siku atakapoweza kusoma usichomsomea na kuimba usichomwimbia. Mwalimu aliyelipa deni hili hujulikana kwa kutohitajiwa tena.

Mama yule hakuacha kuja darasani. Miezi ilipita. Jioni moja tuliandika ubaoni sentensi ambayo hatukupata kuitamka mbele yake. Alisimama, akaisoma polepole, akikwama, akirudi nyuma, akikosea mara mbili. Hakuwa na ule ufasaha wa siku ya kwanza. Lakini alipofika mwisho alinyamaza kidogo, akatabasamu, kwa sababu maneno yale yalikuwa yake na hakuna aliyempa. Safari hii hakuna aliyecheka.